Intaneti na Ufundishaji wa Historia na Maarifa ya Jamii: Mfano wa Bomang'ombe na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya vyanzo vya intaneti katika kufundisha historia na maarifa ya jamii, kwa kuchukua mfano wa shule za Bomang'ombe na za miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Inaelezwa kuwa intaneti imewasogezea wenyeji wa eneo hilo picha na hati nyingi zilizopigwa au kuandikwa kwao wakati wa ukoloni, ambazo zamani zilionekana na mtaalamu aliyeweza kusafiri hadi Ulaya tu. Hata hivyo, maneno yanayoeleza picha na hati hizo yamebaki kuwa ya wale waliozikusanya. Makala yanadai kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu si kuwaonyesha wanafunzi mahali pa kupata habari, bali kuwafundisha kuyahoji maelezo ya chanzo na kuyakamilisha kwa Kiswahili kutokana na ujuzi wa wazee wao. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mifano minne: chemchemi ya Chemka, kupandwa kwa kilele mwaka 1889, kuuawa kwa Mangi Meli mwaka 1900, na shauri la ardhi ya Wameru la mwaka 1952.

1.0 Utangulizi

Bomang'ombe ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, magharibi ya mji wa Moshi, kando ya barabara kuu iendayo Arusha. Hapo ndipo inapochepuka barabara ya Sanya Juu, na hapo hukutana watu wa Machame na Masama walioteremka kutoka mlimani, Wamasai wa nyanda za chini, Wapare, Wameru, pamoja na watumishi na wafanyabiashara waliotoka pembe nyingine za nchi. Kwa hiyo darasa la historia katika mji huu si darasa la watoto wa ukoo mmoja wala la kabila moja. Wanafunzi wanaokaa dawati moja huenda wamerithi masimulizi yanayopingana kuhusu vita ile ile.

Katika mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ambao umeanza kutekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, limewekwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo hilo hufundishwa kwa Kiswahili hata katika shule za sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza. Hatua hiyo imeleta nafasi na tatizo kwa wakati mmoja. Nafasi ni kwamba mwanafunzi anaweza kuisoma na kuijadili historia ya nchi yake kwa lugha anayoimudu. Tatizo ni kwamba hati nyingi za asili zinazohusu historia hiyo, na hasa zile zilizomo katika intaneti, zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Mwalimu aliyetakiwa kufundisha kwa Kiswahili anajikuta akiwa mfasiri, mhakiki na mtunza kumbukumbu bila ya kuwa amefundishwa kazi hizo.

Suala la nani aeleze historia ya Mwafrika si geni katika taaluma ya hapa nchini. Katika miaka ya 1960 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya juhudi ya kuiandika upya historia ya Tanzania kwa kumweka Mwafrika katikati, na kitabu kilichohaririwa na Kimambo na Temu (1969) ni zao la juhudi hiyo. Jambo jipya ni kwamba leo chanzo chenyewe, yaani picha, barua au kumbukumbu za kikao, kinaweza kufika mbele ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza kabla hakijapita mikononi mwa mwanahistoria yeyote. Uhakiki uliokuwa ukifanywa na mtaalamu katika chumba cha nyaraka sasa inabidi ufanywe darasani. Makala haya yanaeleza uhakiki huo uweje.

2.0 Vyanzo vilivyopo na tatizo la maneno ya kutafutia

Kwa mwalimu wa historia na maarifa ya jamii, vyanzo vya intaneti vinaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vitabu na miongozo iliyotayarishwa kwa ajili ya shule. Humu imo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Kundi hili lina manufaa makubwa, hasa mahali ambapo nakala moja ya kitabu hutumiwa na wanafunzi wengi, lakini halibadili tabia ya somo. Kitabu ni kile kile. Kilichobadilika ni njia ya kukifikia.

Kundi la pili ni kurasa za jumla: maelezo ya makampuni ya utalii, magazeti, na kamusi elezo kama vile Wikipedia, ambayo toleo lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoanzia na ndipo wanapoishia. Habari za kundi hili hupatikana upesi, lakini mara nyingi ukurasa mmoja hunakili mwingine bila ya kutaja chanzo.

Kundi la tatu, ambalo makala haya yanalitilia mkazo, ni hifadhi za nyaraka. Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na picha nyingi zilizopigwa na wamisionari wake zimewekwa katika hifadhi ya picha za misheni inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Southern California kilichoko Los Angeles. Majalada ya iliyokuwa Wizara ya Makoloni ya Ujerumani, yanayotunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho mjini Berlin, yamepigwa picha na yanaweza kusomwa kwa kompyuta. Kumbukumbu za Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, chombo kilichoisimamia Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Pili, zimo katika maktaba ya kidijiti ya Umoja huo. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza nayo, mwaka 2011, ilitoa maelfu ya picha za Ofisi ya Makoloni zilizopigwa Afrika, ikawaomba watazamaji waisaidie kutambua watu na mahali.

Kikwazo cha kwanza katika kundi hili ni tahajia. Wajerumani waliandika Madschame kwa Machame, Moschi kwa Moshi, Kiboscho kwa Kibosho, Dschagga kwa Chaga, na Kilimandscharo kwa Kilimanjaro. Mwanafunzi anayeandika Machame peke yake huenda asione rekodi iliyoingizwa kwa tahajia ya kale, akahitimisha kuwa kwao hakuna historia iliyoandikwa. Inafaa kila shule iwe na orodha ya majina ya mahali kwa tahajia zote mbili, ikiongezwa kila tahajia nyingine inapogunduliwa. Zoezi hili dogo lina faida ya kifasihi na ya kiisimu pia, kwani linamwonyesha mwanafunzi kuwa jina analoliona la kawaida limepita katika masikio ya wageni kabla ya kuingia kwenye ramani.

Kikwazo cha pili ni mwandiko. Hati nyingi za Kijerumani za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zimeandikwa kwa mkono na kwa hati ambayo hata Wajerumani wa leo wengi hawawezi kuisoma bila ya mafunzo. Kwa sababu hiyo majalada ya Berlin yanawafaa zaidi watafiti na wanafunzi wa uzamili kuliko shule. Picha, na hati zilizopigwa chapa kwa Kiingereza, ndizo zinazoweza kuingia darasani moja kwa moja.

3.0 Kupima habari kwa mambo yanayojulikana

3.1 Maji ya Chemka

Mwanafunzi hawezi kuhoji habari za mwaka 1900 kama hajazoea kuhoji habari za jana. Kwa hiyo ni vyema uhakiki uanzie kwenye jambo ambalo mwanafunzi analijua kwa macho yake kuliko mwandishi wa ukurasa. Kusini ya Bomang'ombe iko chemchemi ya Kikuletwa, inayojulikana zaidi kwa jina la Chemka, ambayo kurasa za utalii huiita chemchemi ya maji ya moto. Jina lenyewe la Kiswahili linaelekea kuunga mkono dai hilo. Lakini aliyekwisha kuoga huko anajua kuwa maji yale ni maangavu na ya kupendeza, wala hayana moto.

Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi wasome kurasa kadhaa, waandike kila ukurasa unasema nini juu ya joto la maji, kisha waulize maswali matatu. Je, mwandishi aliwahi kufika? Kama hakufika, habari aliipata kwa nani? Na kama alifika, ana sababu gani ya kuyaita maji hayo ya moto? Majibu yataonyesha kuwa kosa linaweza kudumu pasipo mtu yeyote kukusudia kudanganya. Jina likishaandikwa hunakiliwa, na msomaji aliye mbali hana namna ya kulisahihisha. Zaidi ya hayo, jina la Chemka linaweza kuwa halisemi habari ya joto hata kidogo: maji yanayofoka kutoka chini ya ardhi huonekana kana kwamba yanachemka. Ufasiri wa aina hiyo huweza kutolewa na mzungumzaji wa Kiswahili aliyeyatazama maji, naye mwanafunzi wa Hai ana sifa zote mbili.

3.2 Nani walipanda mlima mwaka 1889?

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Kurasa nyingi zinaeleza kuwa Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alimwongoza Hans Meyer hadi kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889, na kwamba alifariki mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka ipatayo 125. Habari hizi zimerudiwa mara nyingi hata zimepata sura ya ukweli usio na shaka.

Kitabu cha Meyer mwenyewe, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka 1890 na kwa Kiingereza mwaka 1891, kinapatikana katika intaneti. Humo wanaotajwa kufika kileleni Oktoba 1889 ni Meyer na Ludwig Purtscheller, na anayetajwa kwa jina kuwa alibaki nao katika kambi ya juu ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mwanafunzi akiviweka vyanzo hivi viwili pamoja, maswali hujitokeza yenyewe. Umri wa Lauwo ulijulikana kwa hati ya kuzaliwa, au ulipatikana kwa kuhesabu nyuma kutoka mwaka 1889? Kama ulipatikana kwa kuhesabu nyuma, hauwezi tena kutumiwa kuthibitisha kuwa alikuwapo mwaka huo.

Hata hivyo, si sahihi kuhitimisha haraka kwamba kitabu kimesema kweli na simulizi imekosea. Meyer alipokewa na Mangi Marealle wa Marangu na alitegemea msaada wa wenyeji, lakini wengi wa waliomchukulia mizigo na kumwonyesha njia hawakuandikwa majina. Ukimya wa kitabu kuhusu mtu fulani hauthibitishi kuwa mtu huyo hakuwapo. Linaloweza kusemwa kwa hakika ni kwamba vyanzo viwili vinajibu maswali mawili tofauti: kitabu kinataka kuthibitisha nani alikuwa wa kwanza kileleni, ilhali simulizi ya Marangu inadai kuwa hakuna mgeni aliyeupanda mlima ule bila ya mwenyeji. Dai hilo la pili linaungwa mkono na kitabu chenyewe kikisomwa kwa makini. Jina la Mwini Amani, ambalo ni nadra kutajwa katika kurasa za utalii, ni faida ambayo mwanafunzi asingeipata kama angetosheka na ukurasa wa kwanza.

4.0 Picha na maelezo yake: habari za Mangi Meli

Mangi Meli wa Moshi alirithi uongozi kutoka kwa baba yake, Rindi Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Juni 1892 wapiganaji wake waliyashinda majeshi ya Wajerumani, na kiongozi wa majeshi hayo, Albrecht von Bülow, alijeruhiwa akafa. Wajerumani walirudi Agosti 1893 chini ya Gavana von Schele, nao wakaishinda Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro na Meru. Wazao wake wameshikilia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na kwa miongo mingi wamedai kirudishwe.

Kati ya mwaka 2017 na 2023 watafiti walichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki na kuwekwa katika makumbusho ya Berlin. Mafuvu hayo yalitoka hasa Rwanda, na mengine zaidi ya 200 yalitoka katika eneo ambalo sasa ni Tanzania. Septemba 2023 ilitangazwa kuwa uchunguzi wa vinasaba umewatambua ndugu walio hai wa baadhi ya marehemu wa Kilimanjaro. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno akida, na vinasaba vililingana na vya ukoo wa mshauri mmoja wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikutambuliwa. Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa utawala wao.

Habari ya fuvu lile inaeleza tatizo lote linalojadiliwa hapa. Aliyeandika neno akida aliandika cheo, na ukoo uliobaki Kilimanjaro ulijua ni nani. Kwa zaidi ya miaka 100 cheo kilikuwa Berlin na utambulisho ulikuwa mlimani, na hakuna upande uliokuwa na habari kamili. Hali kama hiyo inaonekana, kwa kiwango chepesi zaidi, katika picha za misheni. Mara nyingi mmisionari ametajwa jina, na Mchaga aliyesimama kando yake ameelezwa kwa umri, jinsia au kazi: mwanamke abebaye majani, kijana wa shule, mzee wa Moshi. Rekodi hizo si za uongo, ila zina mapengo, na mapengo yake hayawezi kuzibwa Leipzig wala Los Angeles.

Zoezi linalopendekezwa ni hili. Mwalimu achague picha moja ya eneo linalojulikana na wanafunzi wake, aichapishe katika karatasi, na aiambatanishe na maelezo yake ya asili yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Darasani wanafunzi wajibu maswali manne: Nani alipiga picha hii? Aliipiga ili ionwe na nani? Nani ametajwa kwa jina? Nani hakutajwa? Baada ya hapo kila kikundi kiipeleke picha kwa mzee mmoja na kumwomba aeleze anachokiona: aina ya nyumba, mavazi, mfereji, migomba, uwanja, na, kama inawezekana, watu. Mwishowe wanafunzi waandike maelezo mapya yenye sehemu tatu. Sehemu ya kwanza itaje yale yaliyomo katika katalogi. Sehemu ya pili itaje yaliyosemwa na mzee, pamoja na mahali na tarehe ya mazungumzo, na jina lake iwapo ameridhia. Sehemu ya tatu itaje mambo ambayo vyanzo viwili havikubaliani.

Sehemu hii ya tatu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa masimulizi ya wazee nayo yana upande. Stahl (1964) alionyesha jinsi historia za dola ndogo za Kilimanjaro zilivyosimuliwa kwa namna tofauti kufuatana na msimulizi alitoka wapi. Old Moshi wamo wanaomlaumu Mangi Marealle wa Marangu kwa fitina zilizomfikisha Meli kwenye kamba, na wazee wa Marangu hawalazimiki kuikubali lawama hiyo. Katika darasa la Bomang'ombe watoto wa pande zote mbili wanaweza kuwamo. Mwalimu anayeamini kuwa simulizi ya mdomo ni safi kwa sababu tu ni ya Kiafrika atakuwa amebadilisha kasoro moja kwa nyingine. Mbinu ya kuyapima masimulizi, ambayo Vansina aliieleza tangu mwaka 1961, inahitajika hapa sawasawa na inavyohitajika kwa hati.

Lipo pia suala la maadili, ambalo sasa limo katika jina la somo lenyewe. Kuwa picha inapatikana bila malipo hakumaanishi kuwa inafaa kuonyeshwa. Picha za mafuvu, na za watu waliopigwa wakiwa wamefungwa au wamevuliwa nguo, zilitengenezwa bila ya ridhaa yao. Mwanafunzi anaweza kuwa mzao wa mtu huyo. Inatosha mwalimu kueleza kuwa picha hizo zipo na kwa nini zilipigwa. Kuzibandika ukutani ni kuurudia ule utazamaji uliozileta duniani.

5.0 Hati yenye sauti kadhaa: shauri la ardhi ya Wameru

Picha za misheni zina mzungumzaji mmoja. Ili mwanafunzi asidhani kuwa kumbukumbu zote za kikoloni ni za upande mmoja, inafaa aonyeshwe pia hati ambamo watawaliwa wenyewe wanazungumza. Mfano ulio karibu na Bomang'ombe ni shauri la ardhi ya Wameru.

Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson iliyochunguza ardhi za Arusha na Moshi ilipendekeza ugawaji mpya wa ardhi, ambao ungeliacha eneo la Sanya mikononi mwa walowezi wa Kizungu kwa ufugaji. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi, alikwenda New York kulieleza jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio lililowaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Pamoja na hayo, safari ile ilikuwa na athari kubwa katika siasa za Tanganyika, miaka miwili kabla ya kuundwa kwa TANU mwaka 1954.

Kumbukumbu za mjadala huo zina thamani ya pekee kwa ufundishaji kwa kuwa jambo moja linaelezwa humo na mlalamikaji, na mtawala anayejitetea, na wajumbe wa nchi nyingine wanaowauliza wote wawili. Mwalimu anaweza kuchagua kurasa mbili au tatu tu, akazifasiri, na kuwataka wanafunzi waandike katika safu mbili maneno yanayotumiwa na kila upande kulitaja tendo la kuwaondoa watu. Serikali ililiweka jambo hilo katika lugha ya mpango wa ardhi na maendeleo ya mifugo. Wameru walilisema katika lugha ya nyumba, mazao na haki. Mwanafunzi atajifunza kuwa uchaguzi wa msamiati ni sehemu ya hoja, na kwamba hata mfasiri wa Kiswahili, anapochagua kati ya kuhamishwa, kuondolewa na kufukuzwa, tayari ameshachukua msimamo. Zoezi hili linaweza kufanywa kwa ushirikiano wa mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili.

Tofauti ya shauri hili na picha za misheni ni kwamba hapa Mwafrika ametajwa jina na maneno yake yamenukuliwa. Lakini yamenukuliwa kwa Kiingereza. Kuyarudisha katika Kiswahili ni kazi ya kitaaluma inayowafaa sana wanafunzi wa uzamili wa idara za Kiswahili na historia, na matokeo yake yangewasaidia walimu wa shule kuliko miongozo mingi.

6.0 Mazingira ya darasa

Mapendekezo yaliyotolewa hapo juu yangekuwa ndoto kama yangedai kila mwanafunzi awe na kompyuta. Nyaya za chini ya bahari zilizoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2009 zimeongeza kasi ya intaneti nchini, lakini kasi hiyo hukutana na gharama ya vifurushi, umeme unaokatika, na uchache wa vifaa. Aidha, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Katika shule nyingi chombo pekee kilichounganishwa na intaneti ni simu ya mwalimu, ambayo vocha yake huinunua mwenyewe.

Kwa sababu hiyo mazoezi yote yaliyoelezwa yamepangwa kwa namna ambayo intaneti inatumika nje ya kipindi. Mwalimu, au walimu kadhaa wanaoshirikiana kupitia Kituo cha Walimu, hupakua picha au kurasa mara moja, huzichapisha, na nakala hizo hutumika mwaka baada ya mwaka. Picha moja na maelezo yake ni karatasi moja. Kazi kubwa, ambayo ni kuuliza, kulinganisha na kuandika, hufanyika kwa kalamu.

Pingamizi jingine ni la mtihani. Mwalimu huweza kusema kuwa mtihani wa taifa hautauliza nani hakutajwa jina katika picha ya mwaka 1905, na kwamba kipindi kinachotumiwa kwa zoezi kimepotea. Pingamizi hili ni la haki, na haliwezi kujibiwa kwa kumlaumu mwalimu. Jibu lake ni kwamba zoezi moja kwa muhula linatosha kumjengea mwanafunzi tabia ya kuhoji chanzo, na tabia hiyo humsaidia pia katika maswali ya insha. Lakini ni kweli vilevile kwamba, kama uhakiki wa vyanzo hautapimwa kamwe, walimu wengi hawataufundisha. Watunga mitihani wana sehemu yao katika suala hili.

Mwisho, maelezo mapya yaliyoandikwa na wanafunzi yasiachwe yapotee katika madaftari. Shule ifungue jalada, hata likiwa la karatasi, na nakala ipelekwe maktaba ya wilaya au chuo kikuu kilicho karibu. Zikipatikana rekodi za kutosha zilizohakikiwa, idara ya chuo kikuu inaweza kuziwasilisha kwa hifadhi zenye picha ili ziingizwe katika katalogi kwa Kiswahili. Mwaliko uliotolewa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza mwaka 2011 unaonyesha kuwa hifadhi kubwa zinajua kuwa hazina maelezo kamili ya mali zilizonazo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa intaneti, kwa upande wa historia ya Kilimanjaro, imeziba umbali kati ya mwanafunzi na chanzo lakini haijaziba umbali kati ya chanzo na maana yake. Chemka inaitwa chemchemi ya moto kwa sababu aliyeandika hakuuliza. Mwini Amani amesahauliwa kwa sababu wanaonakili hawakurudi kwenye kitabu. Fuvu lilikaa Berlin likiwa na cheo bila ya ukoo. Na maneno ya Kirilo Japhet bado yanangoja kusomwa kwa Kiswahili na watoto wanaoishi karibu na ardhi aliyoitetea.

Katika kila mfano, ujuzi uliokosekana katika rekodi ulikuwapo, au huenda bado upo, miongoni mwa watu wa mahali hapo. Wazee wanaoweza kuzitambua nyumba, mifereji na viwanja vilivyomo katika picha za zamani wanazidi kupungua. Kwa hiyo kazi iliyopendekezwa hapa ina muda wake. Picha zilizomo katika hifadhi za mbali zitaendelea kuwapo miaka 50 ijayo. Wanaoweza kusema ni nyumba ya nani hawatakuwapo.